Simu ya Daraja la Sita

Mpaka leo nikimsikia mtu anasema kwamba mashine haina upendeleo, natamani nimshike mkono nimpeleke kwenye chumba chetu cha simu, pale nyuma ya ngazi za ofisi kuu mjini Lubumbashi, nimwonyeshe. Mashine yetu ilikuwa na upendeleo kuliko mama wa kambo. Ilijua nani apite, nani angoje, na nani asipite kabisa. Iliyajua hayo kwa sababu mimi ndiye niliyeifundisha, kwa vidole vyangu hivi, na hasira ya jambo hilo haijanitoka.

Ilikuwa miaka ile ya chama kimoja. Tulivaa abakosti, yale makoti ya chama yasiyo na tai, tuliitana citoyen na citoyenne, yaani mwananchi, na asubuhi tuliimba na kucheza mbele ya bendera kabla ya mtu kugusa kazi. Kompani yetu haikuwa ile kubwa ya shaba. Sisi tulipasua mawe ya chokaa upande wa Kambove na kuwauzia wenye viwanda vya shaba. Lakini mtoto huiga wazazi, na sisi tuliwaiga wakubwa wale kwa kila kitu: nyumba za wafanyakazi, zahanati, vyeo vinavyopandana kama ngazi, na simu.

Mashine ya zamani, iliyogonga-gonga kutwa nzima kama mtu anayepiga chapa, iliondolewa. Wageni wakatuletea mpya, ya elektroniki, makabati mawili ya rangi ya maziwa yasiyo na kelele. Pamoja nayo ikaja laini ya dijitali. Waya nne tu zilitoka chumbani kwetu kwenda kwenye mnara wa redio, na ndani yake sauti thelathini zilipita kwa wakati mmoja kwenda Likasi na Kambove bila kugongana. Nilifundishwa miezi sita, wageni wakaenda zao, nikabaki na vitabu vinne vinene vya Kifaransa. Niliipenda kazi ile, siwezi kudanganya. Kufika asubuhi, kuona taa zote za kijani, kujua kwamba mashine yetu na ile ya Kambove zinakwenda kwa mapigo ya saa ile ile, kulinipa furaha ambayo mke wangu kule Katuba hakuielewa.

Sasa nieleze upuuzi wenyewe. Kila simu ndani ya mashine ilipewa daraja. Daraja la kwanza liliweza kupiga popote, na likikuta watu wanazungumza, linaingia katikati na kuwanyamazisha. La pili lilipiga popote pia, bila ruhusa ya mtu. Yalishuka hivyo mpaka la sita, ambalo lilipiga simu za jirani tu na halikuruhusiwa kugusa laini ya dijitali, na la saba, ambalo lilipokea tu. Vitabu vya mashine vilisema wazi: toa daraja kwa kufuata kazi inayofanyika mahali simu ilipo. Sisi tulikuwa na akili kuliko vitabu. Kwetu daraja lilifuata cheo cha mtu. Ukipandishwa cheo, simu yako inapanda nawe. Ukistaafu, unaondoka na daraja lako, na yule anayekalia kiti chako analetewa la kwake. Kila mwezi ofisi ya wafanyakazi ilipiga chapa orodha ya mabadiliko, mkurugenzi akatia sahihi, mimi nikaiingiza.

Shemeji yake mkurugenzi, aliyetunza uwanja wa tenisi, alikuwa na simu ya daraja la pili. Alimpigia nani kutoka kule, Mungu ndiye anayejua.

Tulicheka sana habari ya yule shemeji, mimi na mama wa standard. Standard ndiyo meza ambayo simu zote za kuomba msaada ziliishia, na yeye alikuwa ameikalia miaka zaidi ya kumi, vifaa vya kusikilizia kichwani na rozari kando ya daftari. Baba yake alikuwa mtu wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga. Mume wake alikufa kazini, machimboni. Alinizidi umri, nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, naye aliniita mudogo. Alikaa na watoto wake watatu katika nyumba ya kompani kule Naviundu, na wote tulijua kanuni ya nyumba zile: kazi ikiisha, nyumba imeisha, unarudisha ufunguo, na watoto wanatoka katika shule ya kompani.

Jambo lenyewe lilitokea siku ya Jumanne. Kule Kambove lori la mawe lilirudi nyuma na kumbana mfanyakazi mguu kwenye ukuta. Gari la wagonjwa la Likasi lilikuwa juu ya matofali, halina magurudumu, kwa hiyo kila ombi la gari na daktari lilipaswa kupitia Lubumbashi. Mwuguzi wa zahanati akapiga simu standard. Akapata mlio, kama wa simu inayotumika. Akapiga tena, mlio. Akakimbilia ofisi ya mkuu wa machimbo, akakuta imefungwa kwa ufunguo, mwenyewe amekuja mjini kwenye mkutano wa chama. Alipiga simu tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa. Mwishowe walimlaza yule mtu juu ya magunia katika lori la chokaa. Hospitali wakamkata mguu juu ya goti, na daktari akasema ingawa hakuulizwa: angefika mchana, mguu ungebaki.

Kesho yake, Jumatano, shefu wangu aliniita. Alikuwa mkuu wa huduma za simu na hajawahi kushika bisibisi maishani mwake. Abakosti yake ilinyooshwa hata usoni kwake pakaonekana pamenyooshwa pia.

"Angalia laini," alisema. "Angalia muzuri. Nataka ripoti ku mukono."

Nikaiangalia. Kwanza nilitazama taa, zote kijani. Nikafungua daftari la mashine linalojiandika lenyewe kila laini inapokatika, sikukuta hata mstari wa Jumanne. Nikampigia fundi wa mnara, akaunganisha waya wa kwenda na waya wa kurudi upande wake, ili kila ninachotuma kinirudie mwenyewe. Nikatuma alama kwa muda wa saa tatu na kipimo kikahesabu makosa. Hakikuhesabu hata moja. Nikazijaribu njia zote thelathini, moja baada ya nyingine, nikasafisha hata viunganishi ambavyo havikuwa na vumbi. Nikaandika kwa Kifaransa safi kwamba laini ilikuwa nzima siku ya Jumanne na ni nzima leo. Nikatia sahihi. Nilijivunia ripoti ile, mjinga mimi, kwa maana ilikuwa ya kweli kila neno.

Shefu aliisoma akasimama.

"Bon. Kama laini iko muzuri, basi ni ule mama. Alikuwa anazungumuza na bantu bake, standard ikakuwa occupé. Mashine haidanganyi, muntu njo anadanganya."

Nilimwambia kwamba mashine inaweza kuwa na kosa mahali pengine, siyo kwenye laini. Akanijibu kwamba mwuguzi ameandika maneno ya wazi: standard ilikuwa occupé, imeshikwa na mazungumzo. Basi komisyon ya nidhamu itakaa Jumatano inayofuata, yaya atafika mbele yake, na yaya atafukuzwa. Alisema hivyo huku akitafuta kofia ya kalamu yake.

Nilimkuta yaya mezani kwake, amekwisha kupewa barua. Hakulia.

"Mudogo, niliikala pale tangu asubuhi. Hata kula sikuenda kula. Hakuna simu ya Kambove ililia. Hata moya. Bataniamini?"

Nikamwambia nitalitafuta kosa mpaka nilipate. Ahadi ni deni, na mimi nilitoa yangu nikiwa nimesimama kifua mbele.

Alhamisi, siku ya tatu tangu ajali, nilipanda gari la kompani nikaenda Kambove. Mwuguzi alikuwa kijana mpole, mpya pale, amechukua nafasi ya mzee aliyestaafu. Alinionyesha simu ukutani kama mtu anayeonyesha nyoka.

"Iko tu occupé," alisema. "Si Jumanne tu. Tangu nifike hapa. Nilisema labda ule mama iko na kazi mingi."

Nikainua simu, nikapiga sifuri ya standard, nikasikia mlio. Na hapo nilitamani ardhi ipasuke. Mlio wa standard yenye kazi ni wa polepole, unaacha nafasi ya kupumua. Huu ulikuwa wa haraka, unafuatana bila kupumzika. Kwa mtu mwingine yeyote ni mlio tu. Kwangu mimi niliyesoma vile vitabu vinne, ulikuwa na maana moja: huruhusiwi. Simu ya zahanati haikuwahi hata kutoka Kambove. Mashine iliitazama, ikaona daraja lake, ikaifungia mlango usoni. Na yule kijana, saa tano nzima, mtu anavuja damu nyuma yake, alikuwa anabembeleza mlango uliofungwa akidhani kuna mwanamke anapiga soga upande wa pili.

Nilirudi mjini mara moja. Nikaingia chumbani kwangu, nikaketi mbele ya teleprinta, nikaiagiza mashine itoe orodha ya madaraja. Karatasi ikatoka inajikunja, tarehe ya siku ile juu kabisa. Zahanati ya Kambove: sita. Kando yake tarehe, majuma matatu nyuma, na herufi za aliyeingiza. Zangu.

Ndipo nikakumbuka. Yule mwuguzi mzee alikuwa kadre, ofisa wa kompani, mtu wa daraja la tatu. Kijana hakuwa kadre. Ofisi ya wafanyakazi iliandika cheo chake, mkurugenzi akatia sahihi, na mimi nikaingiza namba arobaini mchana mmoja huku nikinywa chai. Niliona imeandikwa zahanati. Macho yangu yalipita juu ya neno hilo na kidole kikagonga sita. Hakuna aliyefikiri kwamba mguu uliovunjika hauna cheo, na mimi ndiye nilikuwa wa mwisho mwenye nafasi ya kufikiri. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilikichimba nikamwacha mwingine aingie.

Jioni ile ile nilimpelekea shefu karatasi. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akanirudishia.

"Weye unatafuta nini? Madaraja iko mambo ya direction, ya bakubwa. Sahihi iko ya mukurugenzi. Utaenda kumuambia mukubwa kama ni yeye alikata muntu muguu?" Akanisogelea karibu. "Na ile sita, nani aliiingiza mu mashine? Si weye? Iko herufi za nani hapa? Una mke, una batoto. Ripoti yako inasema laini iko muzima. Ile njo ripoti. Hakuna ingine."

Ningependa kuandika kwamba nilimjibu. Badala yake niliitia ile karatasi mfuko wa ndani wa abakosti, nikaenda nyumbani Katuba, nikamgombeza mke wangu kwa ajili ya chumvi katika mboga. Ijumaa nikaenda kazini kwa mlango wa nyuma ili nisipite mbele ya standard. Jumamosi vivyo hivyo. Jambo moja tu nililifanya, na nililifanya kimya kama mwizi: nilibadilisha sita ya zahanati ikawa mbili, bila karatasi ya mtu. Kwa yaya sikufanya kitu. Nilimkuta Jumatatu kwenye kuimba mbele ya bendera, mstari wa wanawake, anapiga makofi pamoja na wengine, macho chini. Nilimchukia shefu. Nilimchukia mkurugenzi na shemeji yake na uwanja wake wa tenisi. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuchoma jengo zima, na kwa hasira yote hiyo sikuweza kufungua mdomo. Hasira za mkizi, furaha za mvuvi, walisema wahenga, na mvuvi wangu alikuwa ametulia ofisini mwake.

Jumatano komisyon ikakaa. Nyuma ya meza walikuwa watatu: shefu wangu, mkuu wa ofisi ya wafanyakazi, na mjumbe wa chama mwenye beji kubwa kuliko ya wengine. Yaya alisimama. Hakupewa kiti. Mimi niliitwa kusoma ripoti yangu tu, na niliisoma, ile ya laini nzima, kila neno. Mkuu wa wafanyakazi akamgeukia.

"Mama, tuambie. Ile siku ulikuwa unazungumuza na bwana gani?"

"Sikuzungumuza na bwana," yaya alisema. "Simu haikulia."

"Fundi anasema laini iko muzima. Fundi njo anadanganya?"

Yaya alinitazama. Sikuona lawama katika macho yake, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alinitazama kama mtu anayengoja ndugu yake amalize sentensi.

Kabla sijajua nitafanya nini, simu ya mezani ililia. Shefu akaipokea. Alikuwa mke wake, kutoka nyumbani, simu ya daraja la pili, amepita moja kwa moja bila hata kuomba standard. Alitaka kujua pazia za sebuleni ziwe za rangi gani. Shefu akaegemea kiti. Ya kijani, hapana, ile kijani ingine, ile tuliona kwa duka ya Mgiriki. Yaya amesimama. Mjumbe wa chama anakwaruza meza kwa ukucha. Mkuu wa wafanyakazi anatabasamu kwa adabu. Pazia zilichukua muda mrefu kuliko kesi ya mwanamke yule, na mimi nilisimama pale nikimfikiria kijana wa Kambove na ule mlio sikioni mwake.

Mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe. Shefu alipoweka simu chini, karatasi ilikuwa imetandikwa juu ya meza mbele ya mjumbe wa chama.

Nilisema kwa sauti ambayo sikuijua. Nikawaambia laini ilikuwa nzima na mama huyu hakuwa na kosa, kwa sababu simu haikumfikia. Nikawaonyesha zahanati, nikawaonyesha sita. Nikawaambia ni sisi tunaogawa njia za simu kama nyama ya sherehe, mkubwa apewe paja na mdogo alambe mfupa, na mtu amepoteza mguu kwa ajili hiyo. "Na herufi hizi," nikasema, "ni zangu. Mimi njo niliandika." Shefu alikuwa anapiga meza kwa kiganja akisema "Citoyen! Citoyen!" na mimi nilikuwa napiga upande wangu. Mjumbe wa chama aliisoma karatasi kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta simu yake mwenyewe iko daraja la ngapi.

Waliandika: kosa la kiufundi. Jina la mkurugenzi halikuguswa, wala la shefu. Mimi nilipewa barua ya lawama ikaingia katika faili langu na kulala humo mpaka nilipoacha kazi, na kila nafasi ya kupanda ilipofunguka, barua ile iliamka kwanza. Sijali. Yaya alisafishwa, na baada ya majuma matatu akarudishiwa meza yake na nyumba yake. Kwa mchana mmoja nilijiona mwanaume.

Nilienda standard nikamkuta anafuta vumbi kwenye kifaa cha kusikilizia. Nilitegemea shukrani, sioni haya kusema hivyo. Alinikaribisha, akaniangalia vizuri.

"Ile karatasi iko na tarehe juu," alisema. "Mudogo, ulijua siku gani?"

Nilifikiri kudanganya, nikashindwa.

"Siku ya tatu, yaya. Alhamisi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepanga hesabu.

"Alhamisi. Treni ya kaskazini iliondoka Jumamosi ile." Aliweka kitambaa chini. "Nilisema nyumba ikienda, nitaweka wapi batoto batatu? Nikamupandisha ule wa kwanza, aende kwa bibi yake kule Kongolo. Alilia mpaka gari ikaanza kutembea. Alikuwa hataki kuacha masomo."

Nikamwambia arudishwe, mara moja, nitasaidia, nitaomba nafasi kwa mtu wangu wa reli.

"Nimekwisha kuandika barua. Bibi yake anasema mutoto si muzigo wa kupeleka na kurudisha. Wamekwisha mupatia kazi za nyumba."

Simu ikalia. Akavaa vifaa kichwani, akaunganisha waya, akamsikiliza mtu mwingine.

Binti yule alikuwa na miaka kumi na mitatu. Hakurudi. Aliolewa kule kule Kongolo kabla hajafika umri wa kuolewa, na habari hiyo mama yake alinipa kwa simu, siku niliyopiga standard kuomba njia ya Likasi. Alinipa kwa sauti aliyoitumia kwa wageni. Kisha, bila kuniita mudogo, akaniambia, "Ngojeni kidogo, citoyen, ninawaunganisha," akaniunganisha.